Sadaka na Mavuno: Historia ya Utoaji Kanisani Machakos

Utoaji wa sadaka Machakos una historia ndefu kuliko makanisa yenyewe. Kabla ya mmisionari wa kwanza kufika, Wakamba wa vilima vya Iveti, Mua, Kangundo na Mbooni walikuwa na utaratibu wa kumtolea Mungu sehemu ya mavuno yao, na utaratibu mwingine wa kusaidiana kazi jirani kwa jirani. Ukristo ulizikuta desturi hizo mbili. Ulikataa baadhi ya sura zake na kuzichukua nyingine, na hapo ukazaliwa mtindo wa shukrani unaoonekana hadi leo: debe la mbaazi mbele ya madhabahu, kuku anayenadiwa baada ya ibada, na mchango wa bati unaomalizika kabla mvua haijaanza. Historia hiyo inafundisha jambo moja. Kanisa la Machakos lilianza kuwa la watu wa Machakos siku walipolijenga na kulilisha kwa mali yao wenyewe, hata mali hiyo ilipokuwa kidogo sana.

Jina Machakos limetokana na Masaku, kiongozi na mwaguzi wa Kikamba wa karne ya 19. Hadi 1992 wilaya iliyoitwa Machakos ilijumuisha pia eneo ambalo leo ni Kaunti ya Makueni, kwa hiyo Mbooni, Kilungu, Mukaa na Nzaui ni sehemu ya historia hii ingawa leo zina makao makuu mengine.

Mathembo na mwethya

Wakamba walimwamini Mungu mmoja, muumba wa vyote, waliyemwita Mulungu au Ngai. Ibada ya jamii ilifanyika katika ithembo, mahali patakatifu chini ya mti mkubwa, mara nyingi mtini, ambao hakuna aliyeruhusiwa kuukata. Wazee wa ithembo waliongoza sadaka mvua ilipochelewa, maradhi yalipoenea na mavuno yalipoiva. Walitoa mbuzi, maziwa, pombe na nafaka. Mazao mapya yalipokuwa tayari shambani, sehemu ya kwanza ilipelekwa ithembo kabla watu hawajaanza kuyala. Malimbuko, kama Wakristo walivyokuja kuyaita baadaye, hayakuwa fundisho geni katika nchi hiyo.

Sadaka za mathembo hazikuwa za Mungu peke yake. Mizimu ya wazee waliotangulia, ambao Wakamba huwaita aimu, ilipewa pia fungu lake, na hapo ndipo wamisionari na Wakristo wa kwanza waliachana na desturi. Kwao sadaka ilimstahili Mungu tu, na kwa jina la Kristo. Waliojiunga na kanisa walitakiwa kuacha mathembo, pombe ya sadaka na ngoma ya kilumi iliyowahusu mizimu. Lakini wazo la msingi lilibaki. Chakula kinatoka kwa Mungu, na anayekula bila kushukuru amekosa adabu.

Desturi ya pili ilikuwa mwethya. Familia iliyotaka kufyeka shamba, kupalilia au kujenga nyumba iliwaalika majirani wa utui wake, yaani mtaa wake, nao wakaja na majembe na mapanga. Mwenye kazi aliwapikia, na deni lake lilikuwa kwenda kwao zamu ilipofika. Hakuna aliyelipwa. Asiyekwenda kwa wenzake alijikuta peke yake siku ya haja. Kanisa lilipohitaji ukuta, paa au matofali, halikulazimika kubuni njia ya kuwakusanya watu, kwa sababu njia ilikuwapo tayari.

Wamisionari wasioomba fedha

Mkristo wa kwanza wa Ulaya kuandika habari za Ukambani alikuwa Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na Church Missionary Society ya Uingereza. Alifika mwaka 1849 akitokea Rabai, akapokewa na Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa Kitui, na Desemba mwaka huo akauona Mlima Kenya. Alirudi 1851 akitaka kufungua kituo, lakini Kivoi aliuawa safarini na mpango ukaanguka. Miaka arobaini ilipita kabla Wajerumani wa Kilutheri hawajaweka kituo Ikutha, kusini mwa Kitui, mwaka 1891.

Kwa upande wa Machakos, jina kubwa ni Peter Cameron Scott, Mskoti aliyezaliwa Glasgow mwaka 1867 na kukulia Marekani. Aliongoza kundi la watu wanane, akiwamo dada yake Margaret, walioondoka Marekani Agosti 1895 kwa jina la Africa Inland Mission. Walifika Mombasa Oktoba, na kabla mwaka haujaisha walikuwa Nzaui. Katika muda wa takriban mwaka mmoja walifungua vituo vinne: Nzaui, Sakai, Kilungu na Kangundo. Desemba 1896 Scott alifariki kwa homa, akiwa na umri wa miaka 29. Wenzake kadhaa walifariki au wakarudi kwao, na kufikia mwisho wa karne misheni ilikuwa karibu kufutika.

Misheni hiyo ilikuwa na kanuni ya fedha iliyoathiri kanisa la Machakos kwa miaka mingi. Ilikuwa misheni ya imani. Mmisionari hakuahidiwa mshahara, na hakutakiwa kumwomba mtu fedha wala kukopa. Aliwaeleza waumini wa nyumbani kazi ilivyo, akaomba kwa Mungu, akaishi kwa kilicholetwa na makanisa ya Marekani na Uingereza. Fedha zilipokuja nyingi alishukuru, zilipokuja chache alifunga mkaja. Kutokana na kanuni hiyo misheni ilishikilia kwamba kanisa la Kiafrika nalo lisimame kwa sadaka za waumini wake. Wazo hilo lilikuwa pana kuliko misheni moja. Katikati ya karne ya 19 Henry Venn wa Uingereza na Rufus Anderson wa Marekani walikuwa wamefundisha kwamba kanisa changa lazima lijitawale, lijitegemee kifedha na lijieneze lenyewe. Machakos kujitegemea kulikuja mapema, na kujitawala kukachelewa. Tofauti ya wakati kati ya hayo mawili ilizaa mvutano mkubwa.

Mwishoni mwa karne hiyo njaa kuu, ambayo Wakamba huiita Ngomanisye, iliikumba nchi mwaka 1898 na 1899. Mvua zilikatika, ng'ombe walikuwa wamepungua kwa sotoka, na ndui ikaenea wakati mmoja na njaa. Reli kutoka Mombasa, iliyofika Nairobi Mei 1899, ilikuwa ikipita kusini mwa vilima hivyo hivyo. Vituo vya misheni viligawa chakula na kulea watoto waliopoteza wazazi. Baadhi ya waliopona walibaki karibu na vituo, wakajifunza kusoma, wakabatizwa. Kwa hiyo kizazi cha kwanza cha Wakristo kilikuwa na watu waliopokea kabla ya kutoa, na shukrani yao ilikuwa na sababu waliyoikumbuka kwa majina ya ndugu waliokufa.

Sadaka za kwanza

Katika miaka 30 ya kwanza ya karne ya 20 kanisa lilikua kupitia shule ndogo za kijijini. Kila shule ilikuwa kanisa siku ya Jumapili. Jengo lilikuwa la fito, udongo na nyasi, na lilisimama kwa kazi ya mwethya: wanaume wakikata miti, wanawake wakibeba maji na kukanda udongo, vijana wakileta nyasi za kuezekea. Mwalimu aliyefundisha alfabeti siku za kazi ndiye aliyehubiri Jumapili, naye alitunzwa na watu wa kijiji. Walimlimia shamba, wakampa mahindi na maharagwe, na kidogo cha fedha kilichopatikana.

Sadaka za ibada nazo zilikuwa za shambani. Shilingi ilikuwa adimu, na ilipopatikana serikali ilikuwa ya kwanza kuidai kwa kodi ya nyumba. Kwa hiyo waumini walileta mtama, mahindi, mbaazi, kunde, mayai na kuku, na wazee wa kanisa wakaviuza sokoni ili kupata fedha za vitabu na taa. Maandiko yalipowafikia kwa lugha yao, Agano Jipya la Kikamba mwaka 1920 na Biblia nzima mwaka 1956, waumini waliweza kusoma wenyewe mafundisho ambayo hapo awali waliyasikia kwa wahubiri. Kumbukumbu la Torati sura ya 26 inaeleza jinsi mkulima anavyochukua kapu la malimbuko kwenda mbele ya Mungu na kukumbuka njia iliyomfikisha katika nchi aliyo nayo. Marko sura ya 12 ina habari ya mjane na senti zake mbili. Waraka wa pili kwa Wakorintho, sura ya 8 na ya 9, unawasifu Wakristo wa Makedonia waliotoa wakiwa katika umaskini. Mkulima wa Kangundo hakuhitaji mfasiri wa kumweleza hali ya watu hao.

Fedha taslimu ziliongezeka taratibu kutoka nje ya shamba. Wanaume walikwenda Nairobi kutafuta kazi, wengine wakaajiriwa katika mashamba ya walowezi kule Athi na Thika, na Wakamba wengi wakaingia jeshi la King's African Rifles na polisi. Huko Wamunyu ufundi wa kuchonga vinyago, ulioenezwa na Mutisya Munge baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ukawa chanzo cha mapato kwa familia nyingi. Mshahara uliotumwa nyumbani uligawanywa: kodi, karo, chakula, na sadaka. Kapu la nafaka liliendelea kupokewa, lakini sahani ya sarafu ikasimama kando yake.

Hali ya nchi haikuwa nyepesi. Katika miaka ya 1930 ardhi ya Machakos ilikuwa imemomonyoka vibaya, na serikali ya kikoloni ilidai kwamba dawa ni kupunguza mifugo. Mwaka 1938 ilipokamata ng'ombe kwa nguvu, maelfu ya Wakamba wakiongozwa na Muindi Mbingu walitembea hadi Nairobi, wakakaa huko kwa wiki kadhaa hadi gavana alipowasikiliza. Mbingu alikamatwa na kupelekwa Lamu, lakini serikali iliacha kuchukua mifugo kwa lazima. Watu walioombwa sadaka katika miaka hiyo walikuwa wale wale waliodaiwa kodi na kunyang'anywa ng'ombe. Hata hivyo kulikuwa na tofauti waliyoitambua vizuri: kodi ilichukuliwa, sadaka ilitolewa.

Kujitegemea na kujitawala

Kufikia miaka ya 1940 makanisa ya vijijini yalikuwa yakiwatunza wachungaji na walimu wao, huku maamuzi makubwa yakibaki mikononi mwa misheni. Wakristo waliosoma waliuliza kwa nini shule za misheni ni chache na za madarasa ya chini, na kwa nini watoaji hawana sauti juu ya wanachotoa. Mwaka 1943 kanisa lililotokana na Africa Inland Mission lilipata katiba yake. Huo ulikuwa mwanzo wa Africa Inland Church, AIC, ingawa mali na ardhi ziliendelea kumilikiwa na misheni.

Kwa wengine hatua hiyo haikutosha. Aprili 1945 kundi la Wakamba jijini Nairobi, likiongozwa na Simeon Mulandi, lilianzisha African Brotherhood Church, ABC. Kanisa hilo lilienea haraka Ukambani, likaweka makao yake makuu katika eneo la Mitaboni, Machakos, na likaongozwa kwa miaka mingi na Nathan Ngala, aliyekuja kuwa askofu wake. Halikuwa na misheni ya kigeni nyuma yake wala mfadhili wa ng'ambo wa kulianzisha. Makanisa na mishahara ya wachungaji vilitegemea mifuko ya waumini, wengi wao wakulima wadogo na wafanyakazi wa mijini. Uhusiano na makanisa ya nje ulikuja baadaye, kanisa likiwa tayari limesimama. ABC ilithibitisha jambo ambalo wengi walilitilia shaka: kwamba sadaka ya watu wa nchi kavu inaweza kuendesha kanisa zima, kuanzia kijijini hadi makao makuu.

Kanisa Katoliki lilifuata njia yake. Mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu walijenga Kabaa, ambako shule yao ya miaka ya 1920 ilikuja kutoa viongozi wengi. Jimbo la Machakos lilianzishwa mwaka 1969, na askofu wake wa kwanza alikuwa mwana wa nchi: Raphael Ndingi Mwana a'Nzeki, aliyezaliwa Mwala mwaka 1931 na ambaye baadaye alikuwa Askofu Mkuu wa Nairobi. Waanglikana nao walipata dayosisi ya Machakos mwaka 1985, chini ya Askofu Benjamin Nzimbi. Kila kanisa lilikuwa na utaratibu wake wa fungu la kumi, zaka na michango, lakini chanzo kilikuwa kimoja. Ni mashamba yale yale, mishahara ile ile, na mara nyingi ndugu wa nyumba moja waliosali katika makanisa tofauti.

Oktoba 1971 Africa Inland Mission ilikabidhi mali na mamlaka yake nchini kwa AIC. Kanisa wakati huo liliongozwa na Wellington Mulwa, Mkamba, ambaye alikuwa askofu wake hadi alipofariki mwaka 1979. Chuo cha theolojia kilichofunguliwa mjini Machakos mwaka 1962 kiliitwa kwa jina la Scott, na mwaka 1997 kilipata hati ya kuwa chuo kikuu. Miaka 76 baada ya watu wanane kufika Nzaui, waliopokea ndio waliokuwa wenye nyumba.

Harambee na jengo la mawe

Uhuru ulipofika mwaka 1963, Jomo Kenyatta aliufanya wito wa harambee kuwa wa taifa, na Ukambani uliitikia kwa nguvu. Shule za sekondari, zahanati, mabwawa na majosho vilijengwa kwa michango. Mwanasosholojia Philip Mbithi, mwenyewe Mkamba, alikuwa miongoni mwa wataalamu wa kwanza kuandika kitabu juu ya harambee, akiwa na mwenzake Rasmus Rasmusson, mwaka 1977. Mwethya ulikuwa mgongo wa kazi hiyo. Wanawake ndio waliokuwa wengi katika vikundi vilivyochimba matuta ya kuzuia udongo, na mashamba yaliyoonekana yamekufa miaka ya 1930 yakarudi kuzaa. Mwaka 1994 watafiti Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha matokeo ya uchunguzi wao uliogusa miaka 60. Idadi ya watu wa Machakos ilikuwa imeongezeka zaidi ya mara tano, na mmomonyoko ulikuwa umepungua.

Makanisa yalijengwa kwa mikono hiyo hiyo. Kahawa, ambayo wakulima Waafrika waliruhusiwa kuipanda kwa wingi katika miaka ya 1950, ilileta fedha katika vilima vya Kangundo na Matungulu. Kuta za udongo zikabadilishwa kwa matofali na mawe, nyasi zikabadilishwa kwa mabati. Ujenzi wa aina hiyo huchukua miaka. Msingi huwekwa kwa mavuno ya mwaka mmoja, kuta hupanda mwaka wenye mvua nzuri, kisha kazi husimama ukame unapoingia. Katika maeneo mengi ya Ukambani yapo makanisa ambayo waumini walisali ndani yake kabla hayajawa na madirisha, na wazee wa mahali hapo huweza kueleza kila sehemu ya ukuta ilijengwa mwaka gani na kwa fedha za nini.

Harambee ilikuwa na upande wake mgumu. Michango iliweza kugeuka amri. Chifu alitangaza kiasi, kuku au mbuzi akachukuliwa kwa asiyetoa, na mtu mkubwa akaja na bahasha nono akiwa na macho yake kwenye kura. Kanisa lililoiga mtindo huo liliwaumiza maskini wake. Wachungaji waliojua Maandiko walilazimika kurudia fundisho kwamba sadaka hupimwa kwa moyo wa mtoaji, sawa na usemi wa Kiswahili: kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Jumapili ya mavuno

Shukrani ya mavuno ndiyo ibada inayoonyesha wazi zaidi historia hii yote. Ulaya huadhimisha mavuno mara moja, baada ya kiangazi. Ukambani una misimu miwili ya mvua: mvua ndefu kati ya Machi na Mei, na mvua fupi kati ya Oktoba na Desemba. Mvua fupi ndizo zinazoaminika zaidi, kwa hiyo mavuno makubwa huwa Februari na Machi, na mengine Julai na Agosti. Mbaazi za asili zina kalenda yake. Hupandwa pamoja na mahindi mwezi wa Oktoba, hubaki shambani misimu yote miwili, na huchumwa katikati ya mwaka unaofuata. Kanisa lilirekebisha kalenda yake ili ifuate shamba.

Siku hiyo waumini hufika na walichonacho. Mahindi, ndengu, kunde na mbaazi huja katika madebe, magunia na vyondo vya mkonge vilivyosukwa nyumbani. Kuku huletwa wakiwa wamefungwa miguu, mbuzi wakivutwa kwa kamba. Wengine hubeba miwa, maembe, maziwa, asali au mkungu wa ndizi. Mstari hutembea kuelekea mbele kwa wimbo, watoto wakishika yai moja moja, na mchungaji akiomba juu ya vyote kwa pamoja, bila kutaja cha nani ni kikubwa.

Baada ya ibada hufuata mnada nje ya mlango. Mzee mwenye sauti nzuri huinua kuku, hutaja bei ya kwanza, na umati hupandisha. Aliyeshinda hulipa, na mara nyingi humrudisha kuku mezani auzwe tena. Kuku mmoja huweza kuuzwa mara tatu au nne na kuingiza fedha kuliko mbuzi. Wengine hununua kwa niaba ya mjane au mchungaji, kikapu cha mahindi kikatoka mikononi mwa mwenye nguvu kikaenda kwa asiyevuna. Mwishoni mtunza hazina husoma jumla mbele ya wote. Usomaji huo wa hesabu ni sehemu ya ibada kwa maana halisi, kwa kuwa aliyetoa kwa ajili ya Mungu ana haki ya kujua kilichotolewa kimekwenda wapi.

Shukrani katika miaka ya njaa

Wakamba huzipa njaa majina, na majina hayo ni kalenda ya nchi. Baada ya Ngomanisye zilikuja nyingine nyingi. Ya 1961 ilikumbukwa kwa unga wa msaada ulioitwa atta. Ya 1984 iliitwa Nikw'a Ngwete, yaani nakufa nimeshika fedha mkononi, kwa sababu hata mwenye pesa hakupata chakula cha kununua. Mahindi ya manjano yalitoka ng'ambo, na makanisa yakawa miongoni mwa njia kuu za kuyafikisha vijijini.

Miaka ya namna hiyo ilijaribu mafundisho yote ya shukrani. Mhubiri anayeahidi kwamba kila anayetoa fungu la kumi atavuna mara dufu hana la kusema mbele ya shamba lililokauka la muumini mwaminifu. Malaki sura ya 3 imehubiriwa Ukambani mara nyingi, lakini waumini wazee wameisoma pamoja na Habakuki, ambaye sura yake ya mwisho inamshukuru Mungu hata mtini usipochanua na zizi likiwa tupu. Shukrani iliyokomaa katika nchi kavu ilikuwa ya namna hiyo. Ilitolewa kwa ajili ya uhai, majirani na tumaini, na haikungoja ghala lijae.

Njaa ilifundisha pia kwamba sadaka haina budi kufika nje ya kanisa. Idara za kina mama zilibeba chakula kwa wagonjwa na wazee. Jumuiya ndogo ndogo za Kikristo, ambazo maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki walizifanya kipaumbele katika miaka ya 1970, ziliwajua wenye shida nyumba kwa nyumba. Na vikundi vya kujitolea vilitafuta dawa ya kudumu. Huko Kola, kikundi cha Utooni, kilichoanzishwa mwaka 1978 na Joshua Mukusya pamoja na majirani zake, kilijulikana kwa mabwawa ya mchanga: ukuta hujengwa katika mto wa msimu, mchanga hujaa nyuma yake, na maji hubaki ndani ya mchanga huo hata jua linapowaka. Kazi ya kukusanya mawe na kubeba maji ilikuwa ya wanakijiji wenyewe, mwethya kwa ajili ya wajukuu.

Simu, siasa na hesabu

Machi 2007 huduma ya M-Pesa ilianza nchini Kenya, na katika miaka iliyofuata namba ya malipo ya kanisa ikaandikwa ukutani karibu na namba za nyimbo. Mtoto wa Machakos anayefanya kazi Mombasa au ng'ambo aliweza kutoa kwa kanisa alikobatizwa. Machi 2020, milango ya makanisa ilipofungwa kwa sababu ya Covid-19, simu ndiyo iliyoyaweka makanisa mengi hai. Kilichopungua ni kuonekana. Mkono uliobeba debe mbele ya wote ulihubiri kwa watoto, na ujumbe wa simu hauwezi kufanya hivyo. Ndiyo maana makanisa mengi yaliporuhusiwa kukusanyika yaliuendeleza mstari wa mavuno hata kama fedha nyingi zilikwisha kuingia kwa simu.

Changamoto nyingine ni fedha za wanasiasa. Sheria ya Maadili ya Maafisa wa Umma ya mwaka 2003 iliweka mipaka kwa maafisa wa serikali kuhusu harambee, lakini bahasha ziliendelea kufika kanisani. Septemba 2021 Askofu Mkuu wa Kianglikana, Jackson Ole Sapit, alitangaza kwamba wanasiasa hawatapewa nafasi ya kuzungumza katika ibada za kanisa lake. Baada ya maandamano ya vijana ya mwaka 2024, ambayo yaliyalaumu makanisa kwa ukaribu na wenye mamlaka, Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi lilikataa Novemba mwaka huo michango ambayo rais na gavana walikuwa wametoa kwa parokia moja jijini. Mjadala ulifika kila parokia na kila kigango, Machakos ikiwamo.

Historia ya Machakos ina jibu lake katika mjadala huo. Kanisa lililoanza kwa mtama wa walionusurika Ngomanisye, likalisha walimu wake, likazaa ABC bila mfadhili na kupokea mali ya misheni mwaka 1971, lina ushahidi wa zaidi ya karne moja kwamba waumini wa kawaida wanatosha. Fedha za mtu mmoja mkubwa hujenga haraka, lakini humpa mtu huyo ufunguo. Sadaka ndogo za wengi hujenga polepole, na ufunguo hubaki kwa waumini. Pale hesabu inaposomwa wazi, maskini haoni haya kwa kidogo chake, na mwenye njaa anakumbukwa kabla ya bati, utoaji unabaki kuwa kile ulichokuwa kwa wazee wa vilima hivi: kukiri mbele ya watu kwamba mvua, mbegu na nguvu za kulima ni mali ya Mungu.